Vidonge vya Jumapili

Wifi yangu alitaka kitu kimoja tu pale kiwandani, nacho kilikuwa meza. Si meza ya ofisini, usije ukadhani tuna tamaa za juu. Ni meza ya ukaguzi, ile iliyo karibu na mlango wa nyuma, wanapokaa wanawake saba wakikata nyuzi zinazoning'inia na kutazama kama mfuko umekaa sawa na kifungo kimeshika. Mshahara wake ni uleule wetu. Kiti chake ni kigumu vilevile. Lakini aliyekaa pale akibanwa na mkojo anainuka, anakwenda chooni, anarudi, na hakuna anayemwuliza kitu.

Sisi wa kwenye mashine tulikuwa na kibao. Ngoja nikieleze vizuri, maana nikiwasimulia watu wa nje wananiona natia chumvi. Laini yetu ina watu thelathini na wawili, kila mtu na mashine yake na kipande chake cha shati. Mimi nashona kola. Wifi yangu alikuwa anashona mifuko, mashine ya pili nyuma yangu. Mbele kuna kijimeza cha msimamizi, ukutani kuna msumari, na kwenye msumari kuna kipande cha mbao cha ukubwa wa daftari, kimefungwa waya. Ndicho kibao. Kikiwepo, unaweza kwenda. Kisipokuwepo, mwenzako yuko nacho, kaa ulipo. Ukikichukua, msimamizi anaandika namba yako na saa. Una dakika sita. Asubuhi mara moja, mchana mara moja. Ukitaka ya tatu sharti utoe maelezo, na maelezo yenyewe uyatoe kwa sauti mashine zikiwa zinanguruma, yaani laini nzima isikie habari za tumbo lako.

Msimamizi tulimwita Bibi Dakika. Zamani alikuwa mshonaji kama sisi, ndiyo maana hadanganyiki. Simtetei, ila siku moja nilimwona meneja akimsomesha mbele ya mashati yaliyopungua hesabu, naye amesimama amebana miguu, anaitikia ndiyo bosi, ndiyo bosi, mpaka jasho linamtoka. Hata yeye alikuwa na wa kumpigia kelele.

Basi tukajifunza kutokunywa maji. Hakuna aliyetufundisha, mwili wenyewe unakufundisha. Unaamka alfajiri, unasukutua, unatema. Mchana unalowesha ulimi. Jioni ukifika nyumbani ndipo unakunywa mpaka tumbo linacheza. Mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, na tulikuwa tunacheka, tunaulizana nani leo kachemsha majani mengi. Watu wazima na watoto wao nyumbani, ndiyo mazungumzo yetu ya chakula cha mchana.

Wifi yangu nilimleta mimi. Ni mke wa mdogo wangu, fundi wa kupaka rangi nyumba, kijana mpole ambaye hata hasira zake zinaomba ruhusa. Kazi za rangi zilipopungua nilimwambia mkewe, njoo kiwandani, nitakusemea. Nikamsemea. Mdomo ninao, na kule kazini ndilo jina langu, Dada Mdomo. Yeye alikuwa kinyume changu kabisa. Ukimkanyaga mguu, anakuomba radhi.

Mwaka wa pili akaanza kuumwa kisogo. Akawa anashona huku ameinamisha kichwa upande kama anayesikiliza kitu. Nikamburuta zahanati. Nesi akamvalisha kile kitambaa cha mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akakijaza tena. Mia na themanini kwa mia na kumi. Akamwuliza kama ni mara ya kwanza kuambiwa ana presha, kisha akampa vidonge vya aina mbili, vyeupe na vya njano, kimoja kimoja kila asubuhi, maisha yake yote.

"Hiki cheupe kitakukojoza," nesi alisema. "Usishtuke, ndiyo kazi yake. Kunywa maji, usiruke hata siku moja."

Kesho yake akameza kama alivyoambiwa, na maji bilauri nzima. Saa moja na nusu alikuwa ameshachukua kibao. Saa mbili na robo akakiomba tena, Bibi Dakika akamkunjia uso, akampa. Saa tatu kasoro nikamsikia nyuma yangu anaomba cha tatu, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi. Kibao hakipo, yuko nacho mtu wa vifungo. Na kingekuwepo pia, Bibi Dakika alisema, wewe za leo umezimaliza mpaka za mchana.

Nilikuwa nashona kola lakini masikio yote yako nyuma. Mashine yake ikaendelea, ikasimama, ikaendelea, ikasimama. Nilipogeuka alikuwa ananitazama, na machozi yanamlengalenga, na chini ya stuli yake kulikuwa na maji.

Mimi sikufikiri. Nilikuwa na chupa ya maji niliyoificha kwenye mfuko wa vipande, nikainuka nayo, nikajifanya najikwaa, nikammwagia yote mapajani na kwenye stuli na sakafuni. Nikapiga kelele, loo, mikono yangu hii jamani, nimemlowesha mwenzangu. Watu wakacheka. Bibi Dakika akaniandika kosa la kuingiza maji karibu na mashine, nikakatwa nusu siku. Wifi yangu alishona mpaka mchana akiwa amekalia vipande vya kitambaa cha kola. Tulipotoka hatukulizungumza, tukazungumza habari za bei ya mkaa.

Tangu siku hiyo vidonge vikawa vya Jumapili. Siku sita kopo linakaa juu ya kabati, Jumapili analishusha, anameza cheupe na cha njano, anakunywa maji, anakaa karibu na choo kama mtu anayesubiri mgeni. Mdogo wangu Jumapili yupo nyumbani, siku nyingine anatoka mapema kuliko sisi, kwa hiyo alichokuwa anakiona ni mke anayemeza dawa. Akawa anamsifu. Anasema mke wangu hana mchezo na afya yake.

Niliambiwa nisimwambie, nikanyamaza. Mara yangu ya kwanza.

Mwezi ulipokwisha tukarudi zahanati. Presha palepale, tena imepanda kidogo. Nesi akamwuliza kama anameza. Akasema nameza. Nesi akatazama karatasi, akasema basi tuongeze nguvu, akampa vya njano vikubwa zaidi. Nikaona huu sasa ni wazimu, nikafungua mdomo, wifi yangu akanifinya paja, lakini nilikuwa nimeshaanza. Nikamweleza nesi habari ya kibao. Alinisikiliza, sitamsingizia. Akachukua karatasi akaandika kwamba mgonjwa huyu aruhusiwe kwenda haja kila anapohitaji, akagonga muhuri.

Bibi Dakika aliisoma mara mbili akairudisha. "Nikimpa huyu, kesho nina karatasi thelathini na mbili hapa mezani," alisema. "Kila mtu ana mwili. Kama anaumwa, apumzike nyumbani, wapo wanaoitaka hiyo stuli." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayekutajia saa.

Siku ileile ya zahanati tulikuwa tumekaa benchi moja na karani wa mishahara wa kiwandani kwetu, yule wa ghorofani. Mzee wa miaka sitini, kitambi chake mbele, kopo lake mkononi. Nikalitazama lile kopo. Vidonge vilevile, vyeupe na vya njano, hata lebo ni ileile. Nikamwuliza kama vinamsumbua. Akacheka.

"Vinakojoza hivyo, we acha. Nameza saa mbili nikifika kazini, mpaka chai ya saa nne nimeshakwenda mara tatu. Baada ya hapo nimekwisha, niko huru siku nzima. Miaka tisa sasa, presha yangu kama ya kijana."

Nikamwambia sisi tunakwenda mara mbili kwa siku, kwa kibao. Akanitazama kama nimemtania.

"Kwani si mnainuka tu mnakwenda?"

Alikuwa na miaka kumi na mitano kwenye jengo lile, ngazi moja juu ya vichwa vyetu. Hakuwa mtu mbaya. Aliposikia jina lake likiitwa alisema poleni sana, akainuka na kopo lake. Mimi sikujua nimkasirikie nani.

Miezi ikaenda. Kisha tangazo likabandikwa mlangoni: wanahitajika watu watatu meza ya ukaguzi, ajira ya kudumu, wenye rekodi safi. Wifi yangu alikuwa na rekodi safi kuliko sahani ya mgeni. Miaka mitatu, mfuko haukupinda hata mmoja. Jina lake likawa la kwanza kwenye orodha, na Bibi Dakika mwenyewe ndiye aliyelipeleka. Lakini chini ya tangazo kulikuwa na mstari: kila atakayepewa ajira ya kudumu apimwe na nesi wa kiwanda Jumanne, na presha isizidi mia na arobaini kwa tisini.

Alinishika mkono pale mlangoni mpaka kucha zikaniingia.

"Wifi, nikifika pale nitameza kila siku," aliniambia. "Naapa. Sitaruka hata siku moja. Nipate tu ile meza."

Ilikuwa Alhamisi. Wiki ile Jumamosi na Jumatatu kiwanda kinafungwa, wanabadilisha nyaya za umeme. Siku tatu nyumbani, na choo ni cha kwetu. Mimi ndiye niliyepiga hesabu. Kopo lilikuwa na vidonge kumi vya kila aina, ndivyo vilivyosalia mwezi ule, maana kila mwezi tulikuwa tunakwenda kuchukua vingine ili nesi asishtuke, na vilivyozidi wifi yangu alikuwa anavitupa chooni kwa woga mumewe asivihesabu. Nikasema, meza mara tatu kwa siku, kama dawa ya homa. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, tisa. Cha kumi Jumanne alfajiri. Itashuka tu, itakwenda wapi.

"Nesi alisema kimoja kimoja," alisema.

"Nesi hashoni mifuko," nikamjibu.

Hayo ni maneno yangu. Nayaandika hapa kama nilivyoyasema, sipunguzi neno.

Akameza. Jumamosi jioni alikuwa anashika ukuta akitoka chooni. Jumapili hakuinuka mkekani, midomo imepasuka, anasema miguu inamkaza. Mdogo wangu akamchemshia uji, akamwuliza ana nini, akasema uchovu wa wiki. Nikapita kumwona, nikamwambia jikaze, bado kesho. Nilimtania kwamba akipata meza atatusahau, atakuwa anapita laini yetu ameshika kiuno. Akacheka bila sauti.

Jumanne saa tano wakaitwa. Mimi nilikuwa kwenye kola lakini roho iko kwenye kile chumba cha nesi. Alitoka ameshika karatasi kwa mikono miwili. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Muhuri wa bluu. Nesi wa kiwanda alikuwa amemwambia, mama, una presha ya msichana.

Nikwambie ukweli, siku ile nilijiona nina akili kuliko madaktari wote.

Jumatano akahamia mezani. Alikuwa na mkasi mdogo wa nyuzi na taa yake ndogo, na nikigeuza kichwa nilimwona mgongo. Siku ile alinisubiri getini jioni, na kabla hata ya salamu akaniambia, "Wifi, leo nimekwenda mara nne. Hakuna aliyeniuliza." Aliisema kwa kunong'ona, kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaogopa mwenyewe atatokea. Siku ya pili akaenda na chupa ya maji, akaiweka juu ya meza, wazi, kila mtu aione. Alikuwa anakunywa funda dogo dogo akitutazama sisi huku, na mimi nilimfurahia, kweli, ingawa kuna kijiwivu kilinipitia kooni siku moja, kikaondoka.

Ila kopo lilikuwa tupu. Tarehe ya zahanati bado siku tisa. Aliniuliza, hivi niende nikaombe vingine mapema? Nikamwambia utaombaje, utasema vya kwanza umevifanyia nini? Na siku za kwanza kwanza kazini unaomba ruhusa, watakuonaje? Subiri tarehe. Umekaa miezi unameza cha Jumapili na hukufa, siku tisa zitakuua? Halafu karatasi si imesema umepona?

Naye akaamini, maana karatasi ilikuwa na muhuri. Nami niliamini. Niseme tu kwamba niliamini.

Siku ya saba mezani alianza kuumwa kisogo, hakuniambia, nilikuja kuambiwa na wenzake wa ukaguzi. Siku ya nane saa nne asubuhi nikasikia mkasi umeanguka. Kitu kidogo vile, na mashine thelathini na mbili zinanguruma, lakini niliusikia. Nikageuka. Alikuwa anautafuta mkasi kwa mkono wa kushoto, na mkono hauendi anakoutuma. Akamgeukia mwenzake amwambie kitu, na mdomo wake ukaenda upande. Kisha akateleza kutoka kwenye stuli taratibu, shati bado liko mapajani.

Niliacha mashine inazunguka nikakimbia. Bibi Dakika naye alikimbia, tena yeye ndiye aliyeita gari, na ndiye aliyemshika kichwa mpaka hospitali. Nalisema hilo kwa sababu lilitokea.

Alikuwa hai. Ni kiharusi, wakatuambia, upande wa kushoto wote umelala, na maneno hayatoki. Anasikia, anaelewa, ila ulimi umekuwa mzito. Mdogo wangu alikuja na rangi nyeupe kwenye nyusi na mikononi, hakupata hata muda wa kunawa. Akasimama miguuni pa kitanda akawa anampangusa mkewe udenda kwa leso, anapangusa, anakunja, anapangusa.

Daktari alipita mchana. Kijana mdogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, faili lake kubwa kuliko kifua. Akauliza kama mgonjwa alikuwa na presha.

"Alikuwa nayo, na dawa anameza," mdogo wangu akajibu haraka. "Namwona kwa macho yangu. Hana mchezo."

Daktari akanyoosha mkono, akapewa kopo, akalitikisa. Akatazama tarehe kwenye lebo. "Hili limekwisha lini?"

Mdogo wangu akanitazama mimi. Mimi nikatazama dirisha.

"Wiki na zaidi," nikasema.

Daktari akashusha pumzi, si kwa dharau, kwa kuchoka. "Ndivyo mlivyo wengi. Mkijisikia nafuu kidogo mnaacha. Kisha mnatuletea hivi." Akaandika kwenye faili, na kwa kuwa nilikuwa begani kwake nikasoma: mgonjwa hakufuata maagizo. Akaenda kitanda kinachofuata.

Mdogo wangu akainama karibu na uso wa mkewe, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia anampandishia sauti.

"Kwa nini? Nilikukosea nini? Dawa ya bure, kidonge kimoja asubuhi, kimekushinda? Ulitaka watoto wangu niwalee peke yangu? Ukaidi gani huu mwanamke?"

Wifi yangu alikuwa anamtazama. Jicho la kulia lilikuwa linachuruzika machozi mpaka kwenye sikio. Alikuwa anajaribu kusema, na kilichotoka ni sauti tu, haina kichwa wala miguu. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa mkaidi kwa mtu yeyote, na ndilo neno alilolazwa nalo pale, na hana ulimi wa kulikataa.

Mimi ningeweza kunyamaza. Nisifiche, niliwaza hivyo. Hakuna mwingine aliyejua. Angepona au asingepona, mdogo wangu angebaki ananiita dada kama zamani.

"Mwache," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza. Kibao, na kidonge cheupe, na siku ile ya stuli, na vidonge vya Jumapili, na vingine vilivyotupwa. Nikamweleza kipimo cha Jumanne na hesabu yangu ya mara tatu kwa siku, na jinsi mkewe alivyosema kimoja kimoja, na nilivyomjibu. Nikamweleza ile ya kusubiri tarehe. Sikujipaka mafuta. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walinyamaza wakawa wanasikiliza, nami sikuwajali.

Alinisikiliza mpaka mwisho, leso iko mkononi. Nilitegemea anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

"Miaka kumi na mmoja nalala na huyu," alisema. "Kila siku jioni namwuliza kazi ilikwendaje. Ananiambia nzuri. Hakuwahi kuniambia kwamba mtu mzima anaomba kibao kwenda chooni."

"Aliona aibu."

"Aibu ya nani?"

Mdogo wangu akakaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua ule mkono uliokufa akauweka mapajani pake. Akaanza kumwomba mkewe msamaha, anarudia neno lilelile moja, kichwa kimeinama, na wifi yangu anamtazama, hawezi hata kumwambia inatosha. Baada ya muda akaniambia bila kuinua uso, "Nenda kwa daktari. Kamwambie afute alichoandika."

Nikaenda. Nilimkuta kwenye korido amezungukwa na watu, nikawasukuma, nikamwambia alichoandika kuhusu mgonjwa wa kitanda cha kumi na nne si kweli, akifute. Alitaka kunikata kauli, sikumpa nafasi. Nikasema yote kwa mara ya pili, palepale, nimesimama. Aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi, akanisikiliza. Nilipomaliza alifungua faili la wifi yangu.

"Nikifuta, niandike nini badala yake?"

"Andika kwamba hakuruhusiwa kwenda kukojoa."

Hakucheka. Alitafuta kwenye ile karatasi, kwa kidole, mstari kwa mstari, mahali pa kuandika kitu kama hicho. Kulikuwa na mahali pa sigara na mahali pa pombe, na mahali pa uzito, na mahali pa kama mgonjwa anameza dawa, ndiyo au hapana. Akafika chini, akarudi juu.

"Mama," alisema, "nakuamini. Lakini hapa hakuna pa kuliweka." Mtu akamwita kutoka chumba kingine, akafunga faili, akaniomba radhi, akaenda.

Nikajifuta uso kwa mkono wa gauni nikarudi wodini. Mdogo wangu akainua kichwa. Wifi yangu naye akanitazama, jicho moja limefumbuka vizuri na jingine nusu.

"Amefuta?"

"Amefuta," nikasema. "Amefuta yote. Ameandika wewe, wifi, huna kosa."

Mdogo wangu akafunga macho. Wifi yangu akanishika kidole kwa mkono wake wa kulia, akakibana kwa nguvu sana, hakukiachia mpaka usingizi ulipomchukua.